Defender, antivairasi ya bure au ya kulipia: ipi iwekwe kwenye kompyuta ya nyumbani?

Flashi imetoka stationari, Mwanakwerekwe au Chake Chake, ambako mtoto alikwenda kuchapisha kazi ya skuli. Ukiichomeka nyumbani, folda zote zipo na majina ni yale yale, ila kila moja ina kishale kidogo kwenye kona ya picha yake. Zile si folda. Folda za kweli zimefichwa, na unachokiona ni njia za mkato. Ukibofya moja inakufungulia folda yako ili usishtuke, na papo hapo inawasha skripti (programu ndogo ya amri) iliyojificha kando, ambayo inajinakili ndani ya kompyuta na kukaa ikingoja flashi nyingine ichomekwe.

Kwa kompyuta ya nyumbani Unguja na Pemba, mlango huu ndio wa kuutazama kwanza. Wa pili ni kifurushi: antivairasi isiyopata masasisho kwa sababu MB zimekwisha ni mlinzi aliyelala. Kwa hiyo alama za maabara zinazopima antivairasi, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria ni za kuzisoma, lakini hazimalizi maneno. Kinga iliyoshika nafasi ya juu huko inaweza kuwa mzigo kwenye laptopu ya RAM GB 4 inayotumia hotspot ya simu.

Ijue mashine yako kwanza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Dirisha dogo litakwambia ni Windows ya ngapi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo ukishaachwa, matundu mapya yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi kwa utaratibu wa kawaida, na antivairasi haina uwezo wa kuyaziba. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Kiliwapata wale ambao kiraka kilikuwa hakijafika kwenye mashine zao.

Kama kompyuta yako inakubali Windows 11 (inataka RAM GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft), hamia huko kabla hujatoa hata shilingi kwa antivairasi. Kama haikubali na unabaki na Windows 10, Microsoft imesema itaendelea kuipelekea Defender, antivairasi yake iliyomo ndani ya Windows, orodha za virusi mpaka Oktoba 2028. Usichanganye mambo mawili hapo: hizo ni orodha za virusi, haziwi viraka vya mfumo wenyewe. Na kwenye Windows 7, ile programu iitwayo Windows Defender iliyokuja nayo ilikuwa ya kuzuia programu za kijasusi tu. Jina limewadanganya wengi wakadhani wana antivairasi kamili.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, nenda kwenye Performance. Hapo utaona RAM ni ngapi, na diski ni SSD ile ya kasi isiyozunguka, au HDD ile ya kuzunguka. Andika majibu haya pembeni, utayahitaji.

Vigezo tutakavyotumia

Kila chaguo litapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni masasisho: yanakujaje, yanakula kiasi gani, na mtandao ukikatika siku kumi inakuwaje. La pili ni uzito kwenye mashine ya zamani. La tatu ni flashi. La nne ni mtandao, yaani kurasa bandia, viambatisho vya barua pepe, na vile virusi vinavyofunga mafaili yako kwa ufunguo kisha vikadai pesa. La tano ni gharama pamoja na usumbufu, na usumbufu ni pamoja na matangazo na kuchukuliwa taarifa zako.

Sharti moja halibadiliki, uchague upi: antivairasi inayolinda muda wote iwe moja tu. Mbili zikiwekwa pamoja kila moja inalikagua faili lile lile kwa wakati mmoja, zinashukiana, na kompyuta inaganda. Defender peke yake ndiyo inayojua kukaa pembeni yenyewe ukiweka nyingine.

Chaguo la kwanza: Microsoft Defender

Imo ndani ya Windows 10 na 11, huhitaji kuishusha popote.

*Masasisho.* Yanakuja kupitia Windows Update, na kwa siku yanaweza kuja zaidi ya mara moja. Mtego upo kwenye hotspot. Watu wengi, na wana haki, huuweka mtandao wa simu kuwa wa kupimwa (Settings, Network & internet, jina la Wi-Fi, kisha Metered connection) ili Windows isimeze kifurushi. Mpangilio huo unaweza kusimamisha na masasisho ya Defender yanayokuja yenyewe. Basi ukiuwasha, jiwekee zamu: kila baada ya siku mbili tatu fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, shuka mpaka Protection updates, bonyeza Check for updates.

Kompyuta isiyounganishwa na mtandao kabisa nayo ina njia. Microsoft inatoa faili liitwalo mpam-fe.exe, lenye ukubwa unaozidi MB 100, ambalo unalishusha kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, unalibeba kwa flashi na kulibofya mara mbili. Chagua la biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64. Ukilibofya halitoi ujumbe wowote, linafanya kazi kimya na kuondoka, kwa hiyo usilibofye mara tano ukidhani limekataa. Subiri dakika chache, rudi Protection updates, tazama tarehe. Ikiwa imebadilika, limeingia.

Udhaifu wa Defender uko hapa hapa. Inategemea sana kuuliza wingu la Microsoft, yaani kompyuta zake zilizoko mtandaoni, kuhusu faili isilolijua. Mtandao ukiwapo ni kinga nzuri. Usipokuwapo, uwezo wake unashuka kuliko wa baadhi ya wenzake. AV-Comparatives hupima kwa hali zote mbili, na tofauti hiyo imejitokeza tena na tena. Kwa nyumba inayowasha mtandao mara moja kwa wiki, hili si jambo dogo.

*Uzito.* Kwenye SSD huihisi. Kwenye diski ya kuzunguka na RAM GB 4, ile Antimalware Service Executable unayoiona juu ya Task Manager inaweza kuishika diski kwa asilimia 100 wakati wa ukaguzi. Dawa yake ipo: fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri, litafute kwenye Start) kwa Run as administrator, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Kawaida kiwango ni 50, na ukikiteremsha ukaguzi wa ratiba utachukua muda mrefu zaidi, lakini kompyuta itabaki ya kutumika. Dawa mbaya, ambayo baadhi ya mafundi huitoa ili mteja aondoke ameridhika, ni kuiambia Defender isiiguse diski D nzima au folda ya Downloads. Ukinunua kompyuta iliyotumika, ingia Virus & threat protection settings, shuka mpaka Exclusions, na ufute chochote usichokijua.

*Flashi.* Defender inalikamata faili baya linapofunguliwa au kunakiliwa. Haikagui flashi nzima kwa kuwa tu imechomekwa, na hata ukaguzi kamili kwa kawaida unairuka. Kwa hiyo: fungua This PC, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Scan with Microsoft Defender. Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kupitia Show more options. Ukitaka ukaguzi kamili uihusishe flashi siku zote, kwenye PowerShell ile ile andika Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false.

*Mtandao na mafaili yaliyotekwa.* SmartScreen, kichujio cha Microsoft, inazuia kurasa bandia ndani ya Edge. Ukitumia Chrome, ulinzi huo unatoka Google. Kwa mafaili, kuna Controlled folder access, ambayo inakuja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kuandika ndani ya Documents wala Pictures. Kero yake ni kwamba na programu halali za zamani, kama ile ya mahesabu au ya skana, zinaweza kukatazwa kuhifadhi kazi. Ikitokea, usiizime yote. Ingia Allow an app through Controlled folder access, uiruhusu hiyo moja.

Kirusi sugu kinachorudi kila ukikifuta kina dawa yake: Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta inajizima, inawaka bila Windows kamili na kukagua kwa kama dakika 15, kirusi kikiwa hakijapata nafasi ya kuamka. Laptopu iwe na chaji, kwani umeme ukikatika katikati utaanza upya.

*Gharama na usumbufu.* Bure, haina tarehe ya kwisha, haikuuzii kitu.

*Inamfaa nani.* Mwenye Windows 11, au Windows 10 anayepanga kuhama, anayepata mtandao karibu kila siku, na aliye tayari kugusa mipangilio mitatu minne tuliyoitaja. Asiyetaka kugusa chochote naye italinda, lakini atakuwa anatumia nusu yake.

Chaguo la pili: za bure za kampuni nyingine

Hapa majina makubwa ni Avast, AVG na Bitdefender Antivirus Free. Usisumbuke kuchagua baina ya Avast na AVG: Avast iliinunua AVG mwaka 2016, na ndani ni mtambo mmoja wenye rangi mbili. Tangu 2022 zote zimo chini ya Gen Digital pamoja na Norton na Avira.

*Masasisho.* Hesabu ya kwanza ni kusakinisha. Faili unalolishusha ni dogo, lakini ukilibofya linaanza kuvuta mamia ya MB. Lifanye ukiwa na Wi-Fi ya chuo, ya kazini au ya jirani aliyekuruhusu, au tafuta faili kamili la kusakinisha bila mtandao. Baada ya hapo masasisho ya kila siku ni madogo, ila mara kwa mara programu yenyewe inabadilishwa toleo, na siku hiyo kifurushi kidogo kitakwisha bila wewe kujua kimekwendea wapi. Faida yao ni kwamba Avast na Bitdefender zimekuwa zikishika vizuri zaidi ya Defender mtandao unapokuwa haupo, kwa sababu zinabeba maarifa mengi ndani ya kompyuta yenyewe.

*Uzito.* Bitdefender Free ni tulivu, haina mapambo. Avast inakuja na vikorokoro: kivinjari, kisafishaji, VPN. Wakati wa kusakinisha usibonyeze Next kwa pupa. Chagua Customize, ubakishe ngao za mafaili, tabia, wavuti na barua pepe, uondoe yaliyobaki. Kwenye RAM GB 4 tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

*Flashi.* Zote zinakagua faili linapoguswa, na zinakupa ukaguzi wa flashi kwa kubofya kitufe cha kulia. Avast ina na ukaguzi wa kabla Windows haijawaka, unaofanana na ule wa Defender.

*Mtandao na mafaili yaliyotekwa.* Avast Free ina ngao ya kuzilinda folda zisifungwe na virusi vya kudai pesa, na inachuja kurasa kwenye vivinjari vyote, si Edge peke yake. Bitdefender Free nayo inazuia kurasa za ulaghai.

*Gharama na usumbufu.* Hapa kuna la kusema zaidi. Avast itakuonesha madirisha ya kukusukuma ulipie, na ukaguzi wake wa haraka unaweza kukwambia una matatizo ambayo utatuzi wake ni wa kununua. Mengi ya hayo hayana uhusiano na virusi. Jambo zito zaidi ni taarifa za mtumiaji: Januari 2020 ilifichuka kwamba kampuni tanzu ya Avast, Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Jumpshot ikafungwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5. Ukiiweka leo, ingia Settings, General, Personal privacy, na uondoe tiki zote za kushirikisha data. Bitdefender Free haina matangazo mengi kama hayo, lakini inakulazimisha kufungua akaunti kwa barua pepe. Tumia barua pepe unayoikumbuka nywila yake, maana ndiyo utakayorudi nayo siku ukipiga Windows upya.

*Inamfaa nani.* Kompyuta inayokaa siku nyingi bila mtandao huku ikipokea flashi nyingi, na mwenyewe hana bajeti ya leseni. Haimfai mzee au mtoto atakayeitikia kila dirisha linalojitokeza.

Chaguo la tatu: za kulipia

Zinazokutikana kwa wepesi ni Kaspersky na ESET, na Bitdefender kwa anayenunua mtandaoni. Maduka ya kompyuta huuza kadi au boksi lenye namba ya kuamilisha.

*Masasisho.* ESET inasifika kwa masasisho madogo yanayokuja kidogo kidogo, na ratiba yake unaweza kuiambia isikague kompyuta ikiwa inatumia betri, jambo la maana umeme unaposumbua. Kaspersky ina mpangilio wa kubana matumizi inapojua mtandao ni wa kupimwa. Udhibiti wa aina hii ndio sehemu kubwa ya unachokilipia.

*Uzito.* ESET ni nyepesi, na kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka huu ndio ubora wake mkuu. Kaspersky na Bitdefender zinahitaji nafasi zaidi, na siku ya kwanza, wakati zinajifunza mafaili yako, kompyuta itakuwa nzito. Iache imewashwa usiku mmoja, kesho yake itatulia.

*Flashi.* Hapa za kulipia zinaonekana thamani yake. ESET ukiiwekea mpangilio inaikagua flashi inapochomekwa tu, au inakuuliza kwanza. Kwa nyumba ambayo watoto watatu wanakuja na flashi tatu, kutokulazimika kukumbuka ni kitu kikubwa.

*Mtandao na mafaili yaliyotekwa.* Zote tatu zina ulinzi dhidi ya virusi vya kudai pesa. Kaspersky ina System Watcher, inayofuatilia programu inavyobadilisha mafaili na kujaribu kuyarudisha yalivyokuwa ikigundua ni uovu. Zina na vivinjari vya ulinzi kwa ajili ya benki, kulingana na kifurushi ulichonunua.

*Gharama na usumbufu.* Soma idadi ya kompyuta na urefu wa muda kabla ya bei. Kadi ya kompyuta tatu kwa mwaka mmoja inaweza kuwa nafuu kuliko kadi tatu za mmoja mmoja, na ndugu wawili wakichangia hesabu inabadilika kabisa. Angalia na eneo: leseni za Kaspersky zina mipaka ya nchi za kuamilishia, kwa hiyo kadi aliyokuletea jamaa kutoka Ulaya au Uarabuni inaweza kukataa hapa ingawa ni halali huko ilikotoka. Nunua iliyokusudiwa Afrika, namba iwe haijakwanguliwa, na iamilishe mbele ya muuzaji kama unaweza. Ukilipa kwa kadi ya benki mtandaoni, ingia kwenye akaunti siku ile ile uzime kujirudia kwa malipo, isije mwakani ikakata pesa kimya kimya.

Kuhusu Kaspersky kuna swali ambalo mnunuzi ana haki ya kulijua. Ni kampuni ya Urusi. Machi 2022 idara ya usalama wa mitandao ya Ujerumani iliwashauri watu waibadilishe, na Juni 2024 Marekani ikapiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo, na masasisho huko yakakatwa mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Sababu waliyoitoa ni hatari ya serikali ya Urusi kuitumia kampuni hiyo, kampuni inakanusha. Katazo ni la Marekani, na kwenye vipimo vya maabara programu imekuwa ikifanya vizuri. Mwenye kompyuta ya picha za arusi na kazi za skuli atalipima kwa mzani mwengine na yule mwenye mafaili ya ofisi ya umma.

Leseni ikifika mwisho, masasisho yanasimama na ile alama ya kijani inageuka. Windows inatakiwa kuiamsha Defender ichukue zamu, lakini ile iliyokwisha ikiwa bado imekaa, mara nyingine mambo yanabaki katikati. Ama lipia, ama iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, kisha uthibitishe ndani ya Windows Security kwamba Defender ndiyo inayolinda.

*Inamfaa nani.* Kompyuta ya watu wengi, au yenye mafaili ambayo yakipotea kuna pesa au amana ya watu inayopotea nayo.

Kreki si chaguo la nne

Antivairasi ya kulipia iliyofunguliwa kwa kreki, yaani programu ya kuvunja kufuli la leseni, tumeitoa kwenye ulinganisho. Maelekezo yake ya kwanza siku zote ni "zima antivairasi kwanza", na hapo umeshamfungulia mlango usiyemjua akiwa na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Hata kreki ikiwa haina kirusi, namba iliyosambaa huzuiwa na kampuni, masasisho yakasimama, na wewe ukabaki na picha ya ngao iliyo tupu. Defender ya bure iliyosasishwa inaishinda.

Ya kuongezea, uchague upi

Malwarebytes ya bure ni ya kukagua unapoiita, hailindi muda wote, kwa hiyo inaweza kukaa pamoja na antivairasi yako kama jicho la pili. Inakuja na majaribio ya siku 14 ya toleo la kulipia. Yazime mapema ili zisigombane.

Washa kuonekana kwa mafaili yaliyofichwa na herufi za mwisho za majina: kwenye File Explorer, View, Show, kisha File name extensions na Hidden items. Faili linalojiita "Matokeo.pdf" lakini likamalizikia na .exe au .vbs litajitangaza lenyewe.

Na flashi ikiwa imeshageuka vishale, usiifomati. Mafaili yako yamo. Safisha kompyuta kwanza kwa ukaguzi kamili, kwani ukianza na flashi kirusi kitaiambukiza tena inapochomekwa. Halafu ikague flashi, na kama herufi yake ni E, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kubonyeza Enter. Folda za kweli zitajitokeza. Futa vile vishale kwa mkono, nakili mafaili yako kwengine, ndipo uifomati flashi ukipenda.

Kwa hali yako

Laptopu ya mwanafunzi wa SUZA, Windows 11, SSD, anapata Wi-Fi ya chuo: abaki na Defender, awashe Controlled folder access, na aizoee ile hatua ya kubofya flashi kwa kitufe cha kulia kila anapotoka stationari. Pesa ya leseni anunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya kazi zake.

Kompyuta ya mezani ya zamani, Wete au Makunduchi, RAM GB 4, diski ya kuzunguka, mtandao wa mara moja moja: Bitdefender Free au Avast iliyopunguzwa vikorokoro, kwa sababu ya nguvu yake bila mtandao. Ikionekana nzito na leseni inawezekana, ESET. Ikiwa haitaunganishwa na mtandao kabisa, Defender pamoja na faili la mpam-fe.exe kila wiki inatosha, mradi awepo mtu mmoja aliyebeba jukumu hilo kwa jina.

Familia yenye watoto na kompyuta moja: kabla ya kuchagua antivairasi, wafungulie watoto akaunti zao za kawaida, na ya msimamizi abaki nayo mzazi. Kirusi kilichowashwa kwenye akaunti ya kawaida kina mikono mifupi. Kisha, kama flashi ni nyingi na mzazi hana muda wa kusimamia, ya kulipia yenye kukagua flashi yenyewe ina thamani ya bei yake.

Nyumba ya wageni ya Paje au Nungwi inayopokea bukingi kwa barua pepe kwenye kompyuta hiyo hiyo ya nyumbani: hatari yenu kubwa ni kiambatisho kinachojiita risiti ya malipo. Nendeni na ya kulipia, mweke nakala ya vitabu vya wageni kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe baada ya kunakili. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikifunga mafaili kitaifunga na yenyewe. Ushauri huu unawafaa na kikundi cha mwani au ushirika wenye mahesabu ya wanachama.

Windows 7 isiyoweza kupanda: hakuna antivairasi ya kukupa amani hapo. Itoe kwenye mtandao, iache iwe ya kuandikia na kutazamia video, na mambo ya benki yafanyiwe kwenye simu iliyosasishwa.

Ukishachagua na kusakinisha, ijaribu. Taasisi ya EICAR inatoa faili la majaribio la herufi 68 kwenye tovuti yake, lisilo na madhara yoyote, ambalo antivairasi zimekubaliana kulitambua kama kirusi. Lishushe. Likizuiwa papo hapo, ngao yako iko macho. Likikaa kwenye Downloads bila neno lolote, rudi kwenye mipangilio uangalie kama ulinzi wa muda wote umewashwa, na usichomeke flashi yoyote mpaka uwake.